Mlango wa Nyumba ya Mama Using'olewe

Mashineni, Geita,
Alhamisi asubuhi

Dada yangu Mama Masanja,

Mwangaluka dada, na shikamoo. Nina neno la haraka limenikaa kooni, lakini mama alitufundisha kwamba mtu haingii uani kwa watu akitanguliza shida kabla ya salamu. Basi nisalimu kwanza.

Mama yetu, shikamoo mama. Goti la kushoto linaendeleaje? Yale mafuta ya kondoo niliyompa dereva wa lori la pamba yalifika, au alijipaka yeye? Usikae chini kwenye udongo wenye unyevu, hata kama mazungumzo ni matamu. Shemeji Masunga, shikamoo shemeji, wewe ndiye msomaji wa barua zangu, na mwandiko wangu unaujua, unapanda mlima na kushuka. Nivumilie. Masanja mwanangu, hujambo? Ng'ombe wamepata majani? Mkeo amejifungua au bado? Kama bado, mwambie asibebe mtungi mkubwa miezi hii, na wewe usijifanye huoni. Mjomba Jilala naye shikamoo, nasikia ameacha ugoro, mimi sisadiki mpaka nione. Bibi Nkwimba, jirani wa ng'ambo ya mbuga, aliyegombana na mama kwa ajili ya kuku, msalimuni pia. Mimi nimeshamsamehe, ingawa kuku hakuwa wangu.

Na Kabula. Kabula mwanangu, mama yako anakusalimu. Hujambo? Unakula? Mama mkubwa aliniandikia kwamba unaimba ukitwanga mpaka watu wanasimama njiani. Endelea kuimba. Umeshakuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, nami nikikufikiria bado nakuona na meno ya utoto. Najua yalishang'oka zamani. Baba yako anakusalimu pia, amekaa hapa karibu yangu, anasema nikuandikie kwamba kifua hakijambo. Kifua kina jambo, lakini yeye ndiye aliyesema niandike hivyo.

Shemeji, hapo simama. Mpaka hapo msomee mama na Kabula, wafurahi. Yanayofuata yasome ukiwa na dada peke yenu, nyuma ya ghala, mama asisikie kwa mara ya kwanza kwenye karatasi.

Dada, ile barua niliyokuandikia wakati wa kuvuna mtama, yaliyomo humo yaacheni. Nilisema mama asilime tena msimu huu. Nilisema mng'oe mlango wa nyumba yake na nguzo zilizo nzima, mvifunge pamoja na jiwe lake la kusagia, vije na lori la pamba likirudi, na mama mwenyewe na Kabula wakae mbele na dereva. Nilisema nyumba ya kuwapokea nimeshaipata. Dada, nyumba hiyo sinayo tena. Msing'oe kitu. Kama mmeanza, acheni pale mlipofika.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ukiyasikia kwa wapita njia utadhani mdogo wako amerogwa.

Mashineni unapajua kwa maneno yangu tu. Ni laini za wafanyakazi wa mgodi wa zamani, safu sita za nyumba kando ya mto, chini ya ile mashine kubwa iliyokuwa inasaga mawe ya dhahabu. Tulipofika mimi na Baba Kabula mashine ilikuwa inanguruma kutwa kucha, mtoto akilia unaona mdomo tu. Kisha mgodi ukafungwa. Wenyewe wakaondoka na vyao vya maana, wakatuachia vyuma vya kutu, mashimo, mapipa yaliyotoboka, na ule mchanga mweupe uliooshwa kwa dawa ya dhahabu, vilima kwa vilima mpaka ndani ya mto. Mchanga ule ukimwagwa mahali hapaoti hata magugu. Sisi tukabaki. Baba Kabula kifua kilishajaa vumbi la mawe, na mwanamume wa kifua kile akirudi kwetu Kishapu atashika jembe la nani?

Mwanangu Limi alikunywa maji ya mto ule. Yaliyofuata unayajua, uliyasikia wakati ule, sina haja ya kuyaandika. Ndipo nilipomfunga Kabula mgongoni, mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia mpaka magotini kwangu, nikamleta kwa mama nikasema: mtunzeni mpaka maji ya kwangu yawe maji. Mama hakuniuliza lini. Wewe uliniuliza, nikakasirika, kwa sababu sikuwa na jibu.

Jibu nililitafuta, dada. Sikukaa tu. Balozi wetu wa nyumba kumi ni Mzee Maduhu, alikuwa fundi wa reli za vigari vya mgodini. Siku moja alituita akasema, "Jamani, tunamngoja nani? Aliyechafua ameondoka, na hakuacha anwani." Tukacheka, lakini Jumamosi iliyofuata tulikuwa na majembe. Msaragambo ule, kazi yetu ya pamoja ya kila Jumamosi, haukusimama mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Wanaume walivuta vyuma kwa kamba, wakafukia mashimo, wakachimba mifereji. Sisi wanawake tulibeba udongo wa vichuguu kutoka ng'ambo, kapu kichwani, tukamwaga juu ya mchanga mweupe, tukarudi tena. Nywele za utosini zilininyonyoka. Mama Asha, jirani yangu muuza vitumbua, mtu wa Ujiji, akaniambia, "Mama Kabula, ukiendelea hivi utakuwa sheikh."

Mto wenyewe ndio uliotushinda. Tukipanda nyasi, mbuzi wanakula. Tukipanda tena, ng'ombe wanakanyaga. Ndipo nilipofungua mdomo mbele ya wanaume, nami sikuwa nimezoea. Nikasema, "Kwetu Kishapu ardhi ikichoka inapumzishwa. Tuweke ngitili." Watu wa hapa ni mchanganyiko, wengine hawajui, ikabidi nieleze: mnaizungushia miiba, haingii ng'ombe wala mbuzi, hakati mtu kuni wala ukoka humo, mpaka ardhi ipone yenyewe. Mama Asha akadakia, "Yaani dawa yenyewe ni kutofanya kitu? Wallahi hiyo kazi naiweza!"

Lakini wewe unajua ngitili si kutofanya kitu. Ni kulinda. Tulilinda kwa zamu, nyumba hadi nyumba, jua la saa nane na mvua. Niligombana na watu ambao nilikuwa nakula nao. Mwaka wa kwanza yakatoka majani ya kuhesabu, kama ndevu za Mjomba Jilala. Mwaka wa pili mvua zilipoanza tukasikia vyura. Dada, nilikuwa nimesahau kwamba mto huwa na vyura. Baba Kabula alitoka nje, akasimama, akakohoa mpaka akamaliza, akasema, "Unawasikia? Mwandikie mama yako." Na mwaka huu kisima tulichokichimba juu ya ngitili, bwana afya alikuja na chupa zake, akachukua maji, akarudi kutuambia yanafaa. Niliyanywa mbele ya watu. Kikombe kizima. Halafu nikaenda kwenye kaburi la Limi nikamwambia.

Na ile nyumba. Ilikuwa ya mwisho kwenye laini yetu, haina paa, mbuzi walikuwa wanazalia humo. Mzee Maduhu alisema anayeifufua nyumba mbovu ndiye atakayekaa, na ofisini wilayani nao walijibu hivyo hivyo. Kwa mdomo, dada. Walijibu kwa mdomo. Nikaifufua. Baba Kabula alifyatua matofali akiwa amekaa, kumi leo, sita kesho. Nilipiga lipu kwa mikono yangu. Kizingiti nilikishusha chini kwa ajili ya goti la mama. Ukutani nikaacha kidirisha kidogo upande wa mto, Kabula akitwanga aone nje. Palipobaki wazi ni mlangoni tu. Mbao hapa hazipatikani, ndiyo nikasema mlango uje wa mama mwenyewe, aliouchonga baba.

Sasa sikiliza kosa langu.

Ofisi ilimleta bwana mmoja wa kusimamia maendeleo ya eneo letu, Bwana Kondo, Mzaramo wa pwani. Mzaramo na Msukuma ni nini? Watani. Siku ya kwanza tu alipotaja kabila lake nilimwambia, "Karibu mcheza ngoma, hapa hatuna minazi ya kukulisha." Akajibu, "Nashukuru, mla michembe ya viazi. Nimekuja kuwafundisha kula wali." Tangu siku ile hakupita mlangoni bila maneno. Alikuwa mtu mzuri, dada, nisiseme uongo. Alishika koleo pamoja nasi. Akinikuta naipiga lipu nyumba ile ya kumpokea mama anasema, "Safi, hii naichukua mimi, bibi yenu atalala ghalani na michembe." Mimi namrushia tope.

Alipofariki Mzee Ngassa, mlinzi wa zamani wa mgodi, Bwana Kondo alifanya kazi ya mtani hasa. Watu wamefika makaburini na maiti, wanamkuta mtani amelala ndani ya kaburi, ameweka mikono kifuani. "Hapa pangu," anasema. "Nimepapenda. Msukuma akazikwe porini na fisi wenzake." Mjane aliyekuwa analia akacheka huku analia. Akaletwa kuku, akakataa. Akaletwa jogoo, ndipo alipotoka, anajipangusa udongo, tukazika. Kwa hiyo sote pale Mashineni tulijua: mtani akilala mahali pako, mpe jogoo, atatoka.

Basi wiki tatu zilizopita tukaitwa mkutanoni, chini ya bati la stoo ya zamani. Bwana Kondo alikuja na wageni wawili wa ofisini wenye mikoba. Akasimama na karatasi akasoma. Akasema nyumba zote za Mashineni, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, zinachukuliwa kwa ajili ya wataalamu watakaokuja kuupima mgodi upya, kwa kuwa mazingira sasa yanafaa, maji yapo na kivuli kipo. Akasema wenyeji watahamia kilimani kabla mvua hazijakolea.

Tulicheka, dada. Wasukuma na Wanyamwezi ndio tulioanza, wengine wakafuata kwa kuwa walizoea kumsikia. Kila siku si alikuwa anazichukua hizo nyumba? Mama Asha peke yake alinibana ubavu akaninong'oneza, "Mama Kabula, mtazame vizuri. Leo hajakutupia jicho hata mara moja."

Nikamwambia, "Wewe si mtani wake, huelewi."

Bwana Kondo akauliza, "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Nikanyoosha yote miwili. Nikapaza sauti, "Jamani, amelala kaburini tena huyu! Mleteeni jogoo atoke!" Watu wakavunjika mbavu. Nikakimbia mwenyewe nyumbani, nikamkamata yule jogoo mwekundu niliyekuwa nimemweka kwa ajili ya siku mama atakapoingia, nikarudi nikamkabidhi mbele ya watu wote. Nikapiga vigelegele, wanawake wakaitikia. Nilisubiri acheke ajipanguse suruali kama siku ile makaburini. Akampokea jogoo kwa mikono miwili, akasema, "Asanteni," akampa mgeni mmoja ashike. Mgeni wa pili alikuwa anaandika.

Tulirudi nyumbani tukicheka, dada. Baba Kabula hakuwapo mkutanoni, alikuwa amelala na kifua. Nilipomsimulia hakucheka. Akaniuliza, "Wageni wawili wenye mikoba, wao pia ni Wazaramo?" Nikamwambia aache kuwa na moyo wa jiwe.

Siku ya nne karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wewe unajua nimejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, kwa ajili ya kukuandikia wewe nisipitie mdomo wa mtu. Nikajongea nikasoma kwa kidole. Imeandikwa: wananchi wa Mashineni wamekubali kwa kauli moja kuhama, kwa vigelegele, na wametoa jogoo kama ishara ya shukrani. Nikasoma mara ya pili nikidhani nimeruka mstari. Mama Asha hajui kusoma, akawa ananiuliza nyuma yangu, "Wamesemaje? Wamesemaje?"

Nilimfuata Bwana Kondo nyumbani kwake, sikungoja ofisi ifunguliwe. Nilimkuta anapiga mswaki uani.

"Bwana Kondo, kuna makosa ubaoni."

"Makosa gani, Mama Kabula?"

"Imeandikwa tumekubali."

"Mlikubali. Wewe ulinyoosha mikono miwili."

"Ule ulikuwa utani!"

Akasukutua mdomo, akatema maji. Akasema, "Siku ile nilikuwa na faili mkononi, mama. Mtu mwenye faili hana mtani."

"Na ulipolala kwenye kaburi la Mzee Ngassa?"

"Siku ile sikuwa na faili."

Nikamuuliza, "Ulituona tunacheka. Ulijua kwamba hatujaelewa?"

Dada, angesema hakujua, ningemwamini. Nilikuwa nimesimama pale nataka kumwamini. Alikuwa anautazama mswaki wake.

Nikamwambia, "Basi nirudishie jogoo wangu."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Tulimla siku ile ile. Mimi na wale wageni."

Tulikwenda ofisini, Mzee Maduhu na wanawake watano, tumevaa kanga safi. Mkubwa wao alitupokea vizuri, akatupa na viti. Akafungua faili akasema, "Lakini akina mama, hapa imeandikwa mpaka jogoo mlitoa. Nani anatoa jogoo kwa jambo asilolitaka?" Mzee Maduhu alijaribu kumweleza utani ni nini, yule bwana akasema utani anaufahamu sana, hata yeye ana watani, lakini serikali haiwezi kuendeshwa kwa utani. Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Halafu akatusifu. Akasema, "Nyinyi mna moyo wa kujitolea. Kule kilimani pana mawe tu kwa sasa, lakini kwa moyo huu mtapafufua kama mlivyofufua hapa."

Mama Asha akamwuliza, "Na kilima mtakitaka lini, bwana mkubwa? Tuanze kufuga jogoo mapema?"

Tulitolewa nje.

Tangu siku ile wameshabomoa miiba ya ngitili upande wa barabara ili magari yapite. Mbuzi wameingia. Juzi nilimwona mtu anakata ukoka, nikafungua mdomo nimfukuze, nikaufunga. Nyumba niliyomjengea mama imepigwa namba kwa rangi nyeupe, pale pale kwenye lipu yangu, na jana fundi alikuja kupima mlangoni aweke mlango wa kufuli. Akaniambia, "Mama, kizingiti hiki kiko chini mno, nani aliyekijenga hivi? Tutakiinua." Nikamwambia sijui.

Watu hapa hawanisemi usoni. Lakini nikienda kisimani wanawake wanaacha mazungumzo. Mjane wa Mzee Ngassa ndiye peke yake aliyenifuata akasema, "Hata mimi nilicheka." Mzee Maduhu bado anaandika barua, anasema kuna ofisi juu ya ofisi. Mimi nimemwekea kidole na jina langu kwenye kila karatasi, lakini nimeshasoma ubao ule, naona maandishi yao yanakwenda haraka kuliko yetu.

Baba Kabula anasema yeye hapandi kilima. Anasema kifua kitamshusha njiani. Nitampandisha, hata kwa kumbeba. Kuja Kishapu hataki kabisa, anaona aibu kuja kulishwa kwa shemeji zake, na mimi siwezi kumwacha. Na Limi yuko hapa. Nimekwenda kwa yule anayepima viwanja, nikamwonyesha minyaa niliyoipanda kuzunguka kaburi, nikamwomba mstari wa barabara upinde kidogo. Amesema ataangalia. Kwa mdomo.

Kwa hiyo dada, nakuomba kwa magoti. Mama abaki kwake. Alime, hata kama amechelewa, Masanja amsaidie kupanda mtama, mvua bado ipo. Lori la pamba likija, mwambieni dereva hakuna mzigo. Kabula mwambie wewe, usimpe shemeji kazi hiyo. Usimwambie maji ya kwangu ni mabaya, maana si mabaya tena, ni matamu, niliyanywa mwenyewe. Mwambie mama yako amekosa pa kukulaza. Akilia mwache alie. Asipolia ndiyo uniandikie haraka, nitajua ameshazoea kutokuwa na mimi.

Mama akiuliza kwa nini, mweleze yote, na la jogoo pia. Atanigombeza. Atasema, Msukuma gani anayempa mtani jogoo mwenye nyumba akiwa hai? Mwambie nakubali.

Nisalimie Masanja na mkewe, mtoto akizaliwa nipelekewe jina. Nisalimie Mjomba Jilala wa ugoro, na Bibi Nkwimba wa kuku. Shemeji Masunga, asante kwa macho yako na kwa sauti yako, najua hapa ulipofika imekauka. Mama mshikie mkono kwa niaba yangu, na goti mlikande. Baba Kabula anawasalimu nyote. Barua hii naitoa kwa mkono wa Mama Asha, anakwenda Mwanza kesho kutafuta mchele wa vitumbua, ataitia posta huko, itatangulia lori kama Mungu akipenda.

Usingoje kupata karatasi nzuri, dada. Andika hata nyuma ya hii hii, maneno mawili, umpe dereva yeyote anayekuja Geita aulizie Mashineni kwa muuza vitumbua, jina bado halijabadilishwa. Sitaki habari nyingine mpaka nijue hili moja, kwa sababu nililiagiza mimi mwenyewe kwa mkono wangu: nyumba ya mama bado ina mlango?

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kabula